Baba mdogo ndiye fundi wangu, na gari bado linagonga

Shikamoo Mshauri,

Nimesoma safu hii kwa muda mrefu, ila sikuwahi kufikiri ningekuja kukuandikia kuhusu gari. Wenzangu huleta mambo ya ndoa na urithi. Langu ni la bushi, vile vipira vya kwenye viungo vya chini ya gari, na shokapu, lakini limeshaninyima usingizi na sasa limeanza kuingia hadi ndani ya nyumba yangu.

Nina gari dogo la mwaka 2001. Nimekaa nalo miaka 11 na limetembea zaidi ya kilomita 290,000. Injini haina tatizo, giaboksi inaingia vizuri. Nalitumia kila siku kwenda kazini na kuwapeleka watoto wangu wawili shule, na kila mwisho wa mwezi nampeleka mama kliniki, mwendo wa kama saa mbili kwenda na mwingine kurudi.

Anayelitengeneza ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ni fundi wa zaidi ya miaka 30. Baba alipofariki mimi nikiwa bado mwanafunzi, yeye ndiye aliyebeba ada yangu mpaka nikamaliza. Hajawahi kunidai pesa ya ufundi hata siku moja. Mimi nanunua kifaa tu, yeye anafunga. Kazi yangu ni kushika tochi. Nilianza kumshikia tochi nikiwa msichana mdogo, na mpaka leo akilala chini ya gari ananyoosha mkono bila kuangalia, anajua nipo.

Miaka miwili iliyopita ulianza mlio wa kugonga mbele kushoto, nikipita kwenye vishimo vidogo kwa mwendo wa polepole. Baba mdogo akabadilisha linki za stabilaiza, kile chuma kinachopunguza gari kulala upande kwenye kona, kukawa kimya kama wiki sita. Kisha ukaja mlio mwingine mzito zaidi, "duk" moja kila nikikanyaga breki. Tukabadilisha bushi zote za mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika magurudumu kwenye chesisi. Baada ya miezi minane akanionyesha kwa tochi: mpira umechanika mzunguko karibu mzima, na kile chuma cha katikati kimelala upande. Akasema bushi za siku hizi ni feki. Tukanunua nyingine, duka lingine. Miezi tisa, yale yale. Katikati ya hapo tulibadilisha shokapu ya mbele kushoto iliyokuwa inavuja oili, na tairodi ya kulia, ile fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu. Matairi ya mbele yamelika upande wa ndani mpaka nyuzi zimeanza kuonekana.

Mwezi uliopita nikiwa nakata kona kuingia getini kliniki, usukani ulikuwa mgumu kidogo, halafu huku mbele kukalia "tang!", kama waya mnene uliokazwa ukaachiwa ghafla. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Alishika dashibodi kwa mikono miwili na hakuiachia mpaka nilipozima injini.

Mume wangu anasema tuliuze, tumeshalilea vya kutosha. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anapenda sana magari, anasema tushushe kila kitu kwa mpigo: shokapu nne, springi, mikono, boljointi (kile kiungo cha mviringo kinachounganisha mkono na gurudumu), tairodi, na badala ya bushi za mpira tuweke zile ngumu za polyurethane, "hutazigusa tena maisha yako yote." Ameshapata gereji kubwa yenye mashine ya kunyanyulia gari, watamaliza kwa siku mbili.

Baba mdogo alisikia habari hiyo. Hakusema neno. Ila siku ile alipomaliza kazi alikusanya spana zake, akazifuta moja moja kwa kitambaa, akaniambia, "Mwanangu, ukiona mikono yangu imechoka, uniambie tu." Nilishindwa kumjibu.

Nina akiba inayotosha kazi moja kubwa, siyo mbili. Nikimpeleka fundi mwingine gari hili, nitamtazamaje baba mdogo usoni? Nikiendelea hivi, nitaendelea kubadilisha bushi kila mwaka na kuwapakia watoto humo humo?

Mshika Tochi

—

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko kawaida yangu. Mara moja niliisoma kwa sauti mbele ya fundi ninayemwamini, mtu wa makamo aliyezeekea kwenye kazi hii ya miguu ya magari, na mengi nitakayokuambia kuhusu vyuma yametoka kwake. Hayo ya baba mdogo ni yangu mwenyewe.

Kabla hatujaingia kwenye mengine, kuna jambo moja nitakuomba bila "ila" wala "labda". Tairi lililofika kwenye nyuzi lisibebe watoto tena. Na safari ya mama ya mwisho wa mwezi huu aende kwa gari jingine. Nimehesabu vyote mlivyobadilisha: linki, bushi mara mbili, shokapu moja, tairodi moja. Boljointi imetajwa mara moja tu, kwenye mapendekezo ya mdogo wako. Kama ni zile lilizokuja nazo gari, zina umri wa gari lenyewe. Bushi ikichanika inagonga, inakuudhi, inakula tairi, lakini mara nyingi mkono unabaki pale pale ulipofungwa. Boljointi ikilegea kupita kiasi, kile kichwa chake cha mviringo kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake, na gurudumu likajikunja chini ya gari ukiwa barabarani. Ukaguzi wake ni wa dakika chache: gari linanyanyuliwa, uzito unaondolewa kwenye boljointi, mtu anapenyeza mtalimbo na kunyanyua huku mwingine akiangalia kama kuna mchezo, yaani kulegea, na kama kile kifuniko chake cha mpira kimepasuka. Namna ya kuondoa uzito huo hutofautiana gari na gari, kwa hiyo afanye mtu anayeijua kazi. Baba mdogo anaweza, nawe ukiwa na tochi yako.

Kuna na ule mlio wa "tang". Gari lako, kama magari mengi madogo ya umri wake, yumkini limejengwa kwa mtindo wa MacPherson, ulioitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni miaka ya 1940. Shokapu na springi ni mguu mmoja uliosimama, na juu yake kuna kitako cha mpira chenye bearingi ndogo ili mguu wote uzunguke unapokata usukani. Bearingi hiyo ikikwama, springi inajisokota pamoja na usukani, inavumilia, halafu inaruka kurudi mahali pake. Hapo ndipo unasikia waya ukiachiwa. Mlipobadilisha shokapu ya kushoto, kitako kile kilibadilishwa au kilirudishwa cha zamani? Lakini mlio wa namna hiyo unaweza pia kuwa springi iliyokatika pindi la chini, na ncha ya springi iliyokatika inaweza kutoboa tairi. Kwa hiyo pindi la chini likaguliwe siku hiyo hiyo, pande zote mbili, likisuguliwa uchafu kwanza, maana ufa hujificha kwenye tope lililokauka.

Sasa tuje kwenye bushi, kwa sababu hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu.

Mnaamini ni feki. Inawezekana kabisa; bushi za bandia zipo, na mpira mbovu hauna maisha. Lakini mmenunua maduka mawili tofauti, na zote zimekufa kwa namna moja ndani ya muda unaokaribiana. Hilo linanifanya nikuulize swali ambalo wewe na baba mdogo tu, kati ya watu wote waliotajwa kwenye barua, mnaweza kulijibu: bolti za ile mikono zilipokazwa kwa mara ya mwisho, gari lilikuwa wapi? Lilikuwa limesimama kwa miguu yake, au bado liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia?

Nikueleze kwa nini nauliza. Bushi nyingi za mkono hazizunguki kama bearingi. Kuna kibomba cha chuma cha nje kilichobanwa ndani ya mkono, kuna kibomba cha ndani kinachobanwa na bolti kwenye chesisi, na katikati yao kuna mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga kidogo kwenda na kurudi. Ukikaza bolti huku gurudumu linaning'inia, kibomba cha ndani kimefungwa kikijua kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukilishusha gari, mkono unapanda na mpira unanyongwa, na unabaki umenyongwa hivyo usiku kucha gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo linauongezea. Mwisho wake ni kile ulichokiona kwenye mwanga wa tochi: mpira umechanika kwa mzunguko na chuma cha katikati kimelala. Kazi hiyo hufanywa kwa kufunga bolti kwa wepesi kwanza, kisha kukaza mwisho uzito wa gari ukiwa umeshuka kwenye magurudumu, ama juu ya shimo la gereji, ama kwa kuweka jeki chini ya mkono mpaka gari lianze kuelemea pale.

Simsemi baba mdogo. Sikuwepo, na fundi wa miaka 30 huenda analijua hili kuliko mimi na yule fundi wangu kwa pamoja. Zipo sababu nyingine: oili ya injini inayodondokea bushi huufanya mpira uvimbe na kulainika, mkono uliopinda kidogo kwenye shimo la siku moja hauonekani kwa macho. Na shokapu iliyovuja muda mrefu upande huo nayo iliuacha mkono ukirukaruka bila wa kuutuliza. Ninachosema ni kwamba hilo swali halijaulizwa, na mkilipuuza, akiba yako yote inaweza kwenda kwenye bushi mpya za gereji kubwa zikakazwa vile vile. Mashine nyingi za kunyanyulia gari pia huacha magurudumu yakining'inia. Kwa hiyo hata mkienda huko, uliza.

Jambo jingine ambalo sikuliona kwenye barua ni alaimenti, yaani kupanga uelekeo wa magurudumu. Mlibadilisha tairodi na mikono ikafunguliwa mara mbili. Kila mara hiyo gurudumu huenda likaangalia upande tofauti kidogo na mwanzo, na tofauti ndogo tu inatosha kula tairi. Bushi zilizochanika zinaongezea. Kama alaimenti ilipigwa, basi nisamehe. Kama haikupigwa, matairi yako yamekuwa yakilipa deni hilo.

Mdogo wako ana hoja, na nisingependa apuuzwe kwa sababu ya ujana wake. Mguu ukishafunguliwa, kitako cha juu, mpira wa kuzuia shokapu isigonge mwisho, na kifuniko cha vumbi vyote viko mikononi. Kuvirudisha vya zamani ili uvifungue tena baada ya miezi sita ni kufanya kazi mara mbili. Alaimenti nayo unaipiga mara moja. Na shokapu hubadilishwa kwa jozi kwenye ekseli moja. Sasa hivi gari lako lina mguu wa kushoto wenye nguvu na wa kulia uliochoka, hivyo ukifunga breki kwenye barabara mbovu pande mbili hazishuki wala kupanda sawasawa.

Ila "kila kitu" ni neno pana. Springi hazibadilishwi kwa sababu ya umri tu. Egesha gari mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Kama pande zinalingana, zinakaribia kipimo cha kiwanda na hakuna ufa, springi zinaweza kubaki. Bushi za polyurethane hazisumbuliwi na oili kirahisi na hufanya usukani uwe mkali, jambo ambalo kijana anayependa magari atalifurahia. Lakini hupitisha mtetemo mwingi zaidi ndani ya gari, baadhi yake hulia zisipopakwa grisi yake maalumu, na pale mkono unapojongea pande nyingi zinaweza kuubana. Mfikirie mama na mwendo ule wa saa mbili. Hiyo ahadi ya kutozigusa maisha yako yote mimi nisingeinunua. Kisha kuna bolti zenyewe. Kwenye gari la umri huu bolti huganda ndani ya kibomba cha bushi, ikabidi ikatwe. Siku mbili zinaweza kuwa nne, na gharama ikapanda, kwa hiyo acha sehemu ya akiba pembeni. Nati zile zinazojibana zenyewe nazo zisirudiwe.

Njia iliyo katikati ni kufanya mbele kote kama kazi moja: mikono mipya iliyokuja na bushi na boljointi yake, maana kugonga bushi peke yake ndani ya mkono wa zamani kunaweza kuiharibu bushi tangu siku ya kwanza; vitako vya juu vyote viwili; shokapu ya kulia ya aina ile ile ya kushoto, au zote mbili kama ile ya kushoto haikuwa nzuri; tairodi ya kushoto kama ina mchezo; kisha matairi na alaimenti. Nyuma kungoje. Ubaya wake ni kwamba mbele kukishakuwa imara, uchovu wa nyuma utauhisi zaidi, na milio uliyokuwa huisikii itajitokeza. Usikate tamaa ukiisikia. Njia ya baba mdogo, ya kifaa kimoja kimoja, nayo si ujinga. Imeliweka gari barabarani miaka 11. Huwa ngumu pale sehemu nyingi zinapochoka pamoja, kwa sababu kile kipya kinabeba mchezo wa vile vya zamani.

Na mumeo? Umempa mistari miwili tu. Umewahi kumuuliza anachoogopa? Pengine haongelei gari kabisa. Anawaona watu wake wote wakiondoka asubuhi kwenye kitu kinachogonga. Hata hivyo hoja yake ina kipimo chake, nacho ni kutu. Mwambie yeyote atakayelinyanyua gari agongegonge kwa bisibisi pale mikono inapofungwa kwenye chesisi na pale vitako vya shokapu vinapokaa. Chuma kikilia kikavu, endelea kufikiria matengenezo. Bisibisi ikizama, hakuna bushi ya kukusaidia, na mumeo atakuwa amesema kweli. Kuuza nako kuna mzigo wake: mnunuzi ana watoto kama wewe, na ungelazimika kumwambia ukweli wa yale matairi.

Sasa baba mdogo.

Ulisikia maneno yake kama mtu aliyejeruhiwa, na huenda alijeruhiwa. Lakini yasome tena kama yalivyo. "Ukiona mikono yangu imechoka, uniambie tu." Inawezekana anakuomba. Mtu wa umri wake anayelala chali chini ya gari, na sakafu baridi mgongoni, anaweza kuwa amechoka zamani na hana namna ya kusema, kwa sababu kukutengenezea gari ndiyo njia yake ya kuendelea kuwa baba kwa mtoto wa kaka yake. Sijui ni lipi. Wewe umemjua tangu utotoni. Mimi namjua kwa sentensi moja na kitambaa cha kufutia spana.

Umechukulia kwamba kumuuliza kuhusu kazi yake ni kuikana ile ada ya shule. Je, yeye naye anaona hivyo? Kuna kazi moja humu ambayo kwa upendo wowote ule nisingependa aifanye akiwa na mikono iliyochoka: kufungua mguu wa shokapu. Springi iliyo ndani yake imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua, na inahitaji kibano kizima na mikono ya uhakika kabla nati ya katikati haijaguswa. Hiyo mnaweza kuipeleka gereji yenye vifaa bila kumvunjia mtu heshima. Kukaa naye pembeni ya gari huko gereji, yeye akikagua na kuuliza maswali, ni njia nyingine. Ila usimpe cheo cha jina tu. Atajua, na itamuuma kuliko kuachwa. Au afanye yeye mikono, kwenye shimo la kukodi ambapo gari limesimama kwa miguu yake, na mdogo wako awe wa kuvuta spana kubwa. Huenda wakaelewana wakiwa wameshika chuma kimoja. Huenda wakagombana pia, na utalazimika kuwa tayari kwa hilo.

Ukiamua kuzungumza naye, nisingeanza na gereji wala na bushi zilizochanika. Ningekaa naye gari likiwa limeegeshwa, injini imezimwa, nikamwambia kitu kama hiki: "Baba, siku ile ulinisemesha nikashindwa kujibu. Sijui kama umechoka, nataka uniambie wewe. Halafu kuna jambo nimelisikia kuhusu kukaza bolti gari likiwa limeshuka chini, nataka unifundishe." Kisha nyamaza, umwache achukue muda wake.

Niandikie tena alichokujibu. Na kama boljointi zimekaguliwa, lianze hilo kwenye barua.